Chatsworth au Hardwick? Nyumba mbili za bibi mmoja, kwa mwenye siku moja tu

Kila baridi ikipungua Uingereza, simu yangu huanza kuingiza ujumbe wa aina moja. Kuna mgeni anakuja, awe mjomba kutoka Mombasa au rafiki wa shule aliyehamia Toronto, na akishamaliza London anataka kupelekwa kwenye "yale majumba makubwa ya mashambani yenye bustani". Mimi naishi Sheffield. Kutoka kwangu yako mawili yasiyo mbali, yote katika kaunti ya Derbyshire: Chatsworth na Hardwick Hall. Baina yao ni kama kilomita 25, na historia ya yote mawili inaanza na mwanamke mmoja. Basi swali huwa twende lipi.

Jibu la haraka nitalitoa hapa hapa ili mwenye haraka asisumbuke. Ukiwa na watoto nenda Chatsworth, wala tusijadiliane. Kama shida yako ni bustani, Chatsworth tena. Lakini kama unataka kuingia ndani ya nyumba, utembee vyumbani, na jioni ukiwa kitandani bado uwe unaifikiria, nenda Hardwick. Wengi huchagua Chatsworth kwa sababu wamelisikia jina, na hawakosei. Ila mimi nimeyaingia yote mawili mara nyingi, na ninalolirudia kwa hiari yangu, pasipo mgeni wa kumpeleka, ni Hardwick.

Mwenye majumba

Jina lake Elizabeth, ila watu wote humwita Bess wa Hardwick. Alizaliwa karibu na mwaka 1527 pale pale kilimani Hardwick, katika familia yenye shamba lakini si ya watu wakubwa. Aliolewa mara nne, na kila alipotoka eda alikuwa amepanda daraja. Na mume wa pili, Sir William Cavendish, walinunua Chatsworth mwaka 1549 kwa pauni 600, wakaanza kujenga mwaka 1552. Mume wa nne, George Talbot, Earl wa Shrewsbury, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Huyo ndiye aliyetwishwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza kazi ya kumlinda mfungwa wa heshima, Mary, Malkia wa Waskoti. Kazi hiyo ilidumu miaka 15, ikala mali yake na, kwa kiasi kikubwa, ndoa yake. Mary aliletwa Chatsworth zaidi ya mara moja.

Ndoa ilipovunjika Bess alirudi kwao kilimani. Mwaka 1590 mume akafa, na mwaka huo huo ukaanza ujenzi wa Hardwick tunayoiona leo, hatua chache tu kutoka nyumba nyingine aliyokuwa hajaimaliza. Alihamia ndani mwaka 1597, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Ukikutana na mtu anayekuonyesha chumba "alicholala Malkia Mary" ndani ya jengo hilo, mkumbushe kwa upole kwamba Mary alikatwa kichwa mwaka 1587.

Tofauti ya kwanza kati ya majumba haya inatokea hapa. Hardwick imebaki kuwa ya Bess. Chatsworth yake imemezwa. Kilembwe wake, ambaye mwaka 1694 alipewa cheo cha Duke wa kwanza wa Devonshire, aliibomoa nyumba ya bibi yake upande kwa upande kuanzia miaka ya 1680 na kuijenga upya hadi mwaka 1707. Cha zamani kinachoonekana vizuri leo ni mnara wa mawindo ulio juu ya msitu nyuma ya jumba. Hardwick ilisalimika kwa sababu ilipuuzwa: ma-Duke waliishi Chatsworth, na Hardwick ikawa kama nyumba ya shamba ya kuwekea vitu vya kale.

Moja likalipa deni la jingine

Mnamo Novemba 1950 Duke wa kumi alifariki ghafla akiwa na miaka 55. Alikuwa ameshaanza kumrithisha mwanawe mali, na laiti angeishi miezi michache zaidi, kodi ya mirathi isingeigusa. Ilipigwa asilimia 80. Familia iliuza mashamba na kutoa kazi za sanaa, na katika vilivyokabidhiwa serikali badala ya fedha ilikuwemo Hardwick Hall yenyewe. Mwaka 1959 ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na ardhi za kihistoria. Chatsworth ilibaki na familia, ambayo hadi leo inaishi humo, ingawa nyumba inaendeshwa na mfuko wa hisani.

Nalieleza hili kwa sababu linaugusa mfuko wako. Ukiwa na kadi ya uanachama ya National Trust, Hardwick unaingia bure. Chatsworth kadi hiyo haikusaidii kitu, na tiketi ya nyumba pamoja na bustani kwa watu wanne ni fedha ya kukaa chini na kuifikiria. Nimewahi kumwona baba mmoja getini akiitoa kadi yake ya kijani kwa madaha, kisha akairudisha polepole huku mkewe akimtazama. Lakini mbuga inayolizunguka jumba la Chatsworth, kando ya mto Derwent, watu hutembea bila tiketi. Kwa mwenye bajeti ndogo, kukaa nyasini ng'ambo ya mto, chapati na chupa ya chai pembeni, kondoo wakipita, jumba zima mbele yako na fremu za madirisha yake zilizopakwa dhahabu, ni ziara tosha.

Ndani

Chatsworth inataka ushangae tangu mlangoni. Unapoingia kwenye ukumbi wa michoro, kuta na dari zimejaa maisha ya Julius Caesar, kazi ya Louis Laguerre, na ngazi zenye zulia jekundu zinapanda katikati. Kisha kinafuata chumba baada ya chumba: michoro, fedha, vioo, vyungu vya China, vitanda vyenye paa, maktaba yenye vitabu zaidi ya 17,000 ambayo huruhusiwi kuvigusa. Mwisho kabisa ni ukumbi wa sanamu za marumaru aliouanzisha Duke wa sita, zikiwemo kazi za Canova. Nitasema ukweli: kufika chumba cha nane jicho limeshiba. Dhahabu ikizidi haina tofauti na rangi ya njano. Na msimu wa Krismasi, jumba linapopambwa, msongamano ni wa soko la Kongowea siku ya kuamkia Idi.

Kuna kitu kimoja ambacho kinailipa tiketi. Katika chumba cha muziki, mlango mmoja umeachwa wazi kidogo, na kwenye mlango wa pili ulio nyuma yake unaiona fidla imetundikwa kwenye kulabu, upinde wake pembeni. Hakuna fidla. Ni rangi juu ya ubao, kazi ya Jan van der Vaart ya miaka ya 1720. Nilipomleta mama, alisimama pale akainama kushoto, akainama kulia, akitafuta kivuli kinachosogea. "Wanikejeli wewe," akaniambia. Mlinzi wa chumba alicheka, bila shaka kwa mara ya hamsini siku hiyo, akamhakikishia. Hakuamini hadi tulipofika nyumbani.

Hardwick ni kinyume. Nje inajitangaza bila haya: minara sita, na juu ya kila mnara herufi za mawe E na S, Elizabeth Shrewsbury, kubwa kiasi kwamba mwenye gari barabara kuu ya M1 anaweza kulitambua jumba kilimani. Na vioo! Zama hizo kioo kilikuwa mali ya mwenye nazo, na Bess alikitumia kama mtu anayevaa dhahabu zake zote kwa siku moja. Waingereza wana msemo wa vina kuhusu nyumba hii, kwamba ina vioo kuliko kuta. Simama mbele uhesabu ghorofa: kadiri unavyopanda ndivyo madirisha yanavyorefuka. Chini walikuwa watumishi, katikati familia, na juu kabisa vyumba vya heshima, vya kupokelea wakubwa. Mchoraji ramani anasemekana kuwa Robert Smythson, ila sauti unayoisikia ni ya mwenye nyumba.

Ndani unapanda ngazi za mawe, pana, zinazozunguka pole pole gizani, hadi pumzi ikukate. Halafu unafika kwenye ukumbi mkubwa wa juu, na chini ya miguu yako kuna nini? Mikeka. Mikeka ya matete, minene, imesukwa na kuunganishwa ukuta hadi ukuta, na ina ile harufu ya majani makavu ambayo kila aliyelelewa pwani anaijua. Mama alipofika pale alivuta pumzi, akatazama chini. "Kumbe na hawa wakitandika majamvi." Baada ya hapo aliitazama nyumba kwa jicho jingine, kama aliyegundua kuwa mwenyeji ni jamaa. Juu ya kuta za ukumbi huo imepita plasta ya rangi yenye msitu mzima, miti, kulungu, na mungu-mke Diana na watu wake.

Mlango wa pembeni unakutoa kwenye baraza ndefu ya ndani, kama mita 50, iliyojengwa ili mabibi watembee siku za mvua. Humo ndimo yanamotundikwa mazulia ya ukutani 13 ya kisa cha Gideoni. Bess aliyanunua yakiwa yameshatumika, kutoka kwa jamaa wa Sir Christopher Hatton aliyekufa na madeni, na yalikuwa na nembo za ukoo wa Hatton. Akadai apunguziwe pauni 5 kwa gharama ya kuzifunika. Sogea karibu utaona kazi yenyewe: nembo zake zimechorwa kwenye vipande vya kitambaa na kushonewa juu ya za mwenzake, na kulungu jike wa Hatton amechorewa pembe ili awe dume, kwa kuwa ukoo wa Cavendish nembo yao ni dume. Mimi huwaonyesha wageni zile pembe kabla ya kitu kingine chochote. Mwanamke tajiri kuliko wote nchini baada ya malkia, na bado anabishana bei kama yuko gengeni. Mazulia hayo yalisafishwa na kutengenezwa moja moja kwa muda wa miaka 24, kazi ikaisha mwaka 2023.

Lalamiko nililolisikia zaidi Hardwick ni giza. Nyumba ya vioo, halafu wamefunga luva! Ni kweli, na sababu ni hayo mazulia na tarizi, maana jua huviunguza. Jipe dakika tano jicho lizoee.

Kisa kinachotuhusu sisi

Aliyesoma historia katika sekondari ya Kenya amelikariri Azimio la Devonshire la mwaka 1923, pengine bila kujua Devonshire ni nani. Ni mwenye Chatsworth. Duke wa tisa, Victor Cavendish, alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1922 hadi 1924, na waraka uliotoka chini yake ndio uliosema Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatangulie, wakati walowezi na Wahindi wakivutana. Maneno yalikuwa mazuri. Nyanda za juu ziliendelea kuwa za wazungu hata hivyo, na wasomaji wangu kutoka Nakuru hawahitaji nieleze zaidi.

Mkewe, Evelyn, alipofiwa alihamia Hardwick, na ndiye mtu wa mwisho wa familia kuishi humo, hadi alipofariki mwaka 1960. Alikuwa fundi wa nguo za kale, na mazulia mengi ya nyumba ile yamepita mikononi mwake na sindano yake. Kwa hiyo Mkenya anayetaka kuuona upande wa pili wa somo lile la darasani ana sababu ya kwenda kokote kati ya hapa.

Bustani

Hapa Hardwick haishindani. Bustani zake ni nyua zilizozungushiwa kuta za mawe, zenye matunda, maua ya mipakani, ua wa majani uliokatwa sawasawa, na shamba kubwa la mimea ya dawa na viungo. Nzuri kwa kukaa na kitabu, ukisikia nyuki. Saa moja inatosha.

Chatsworth ina ekari 105, na kila kona mtu fulani alijaribu kumzidi aliyemtangulia. Maporomoko ya ngazi 24 yanayoshuka kilimani yalianzwa katika miaka ya 1690, na ngazi hazifanani makusudi ili maji yabadilishe sauti kila yanaposhuka. Miaka hii yamekuwa yakifanyiwa ukarabati mkubwa, hivyo chungulia tovuti yao kama ndiyo uliyoyafuata. Kuna mti wa shaba unaorusha maji kutoka kwenye matawi, ambao Victoria, malkia wa baadaye, alipoletwa akiwa binti wa miaka 13 ulimchekesha sana. Watoto hadi leo hucheka vile vile, na wazazi hulowa.

Bingwa wa pale lakini ni Joseph Paxton. Aliajiriwa mwaka 1826 kuwa mkuu wa bustani akiwa na miaka 22. Duke wa sita alipoambiwa Kaisari wa Urusi, Nicholas wa Kwanza, huenda akaja, Paxton alichimba ziwa zima juu ya kilima kwa miezi sita, mafundi wakifanya kazi hata usiku, ili uzito wa maji wenyewe uyasukume juu bila pampu. Chemchemi hiyo ya kurusha maji, ya mwaka 1844, imewahi kufika mita 90. Kaisari hakuja. Maji yakipungua ziwani wakati wa kiangazi, huzimwa.

Na ndizi. Paxton alipata mche wa mgomba uliotokea upande wa Mauritius mnamo 1830 hivi, akaulea kwenye nyumba ya vioo hadi ukazaa, ukapewa jina la ukoo wa bwana wake: Cavendish. Wamisionari wakachukua miche kuipeleka Samoa, na baada ya ugonjwa kuiangamiza aina iliyokuwa ikiuzwa zamani, Cavendish ikashika soko la dunia. Ile ndizi ndefu ya njano ya kila supamaketi Ulaya ni ya uzao huo. Mjomba wangu, mtu wa Bukoba kwa upande wa mkewe, alisikiliza habari yote hii kisha akauliza kama walijua kuipika.

Banda kubwa kuliko yote la vioo alilolijenga Paxton halipo tena. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia makaa ya kulipashia moto yalikosekana, mimea ikafa, na mwaka 1920 likalipuliwa. Kuta za chini zimebaki, na ndani yake pamepandwa ua wa kupotezana njia. Ingia na watoto, ila kubalianeni kwanza mtakutana wapi.

Miguu, magari na mvua

Bila gari, Chatsworth ndiyo rahisi: kuna basi kutoka Sheffield, na safari yenyewe ya milima ya Peak District ni tamu. Kutoka London unapanda treni St Pancras hadi Chesterfield, kama saa mbili hivi. Utaijua stesheni ukiona mnara wa kanisa uliojipinda kama mshumaa juani. Kwenda Hardwick kutoka hapo utahitaji teksi, na panga kabisa na dereva ya kurudi, kwani kilimani pale huokoti gari. Mwenye gari mambo yanageuka: Hardwick iko dakika chache kutoka makutano namba 29 ya M1.

Mzee mwenye magoti mabovu usimpeleke Hardwick bila kumwambia kuhusu zile ngazi. Vitu vyote vya maana viko juu. Chatsworth wamezoea viti vya magurudumu, na ukiwaambia mapema watakuelekeza pa kupita. Watoto wadogo Hardwick watachoka baada ya chumba cha pili, lakini Chatsworth kuna shamba la wanyama na uwanja wa michezo ambako utawabembeleza watoke. Nyumba zote mbili hazifunguliwi kila siku ya mwaka, na mara nyingine bustani iko wazi huku nyumba imefungwa, hasa Hardwick majira ya baridi.

Nikiwa na mgeni mwenye siku moja, gari, na magoti mazima, sichagui. Tunafika Hardwick nyumba inapofunguliwa, tunapanda moja kwa moja hadi juu kabla ya makundi, tunaziona pembe za kulungu, kisha tunashuka na kula chakula chetu karibu na magofu ya nyumba ya kwanza ya Bess. Saa nane tuko Chatsworth na tiketi ya bustani peke yake, ambayo ni nafuu. Fidla ya mlangoni namwachia safari ijayo. Na koti la mvua huwa namwazima kabla hatujatoka nyumbani, hata kama asubuhi hiyo jua linawaka na ananicheka.